Malalamiko Kuhusu Mitambo Isiyoshikika

Nyuma ya tangi la maji,
Chimwemwe, Kitwe.

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Chuo cha Mawasiliano cha Ilyashi,
Bwana Lackson Simfukwe.

YAH: KUFUNGWA KWA CHUMBA CHA VYUMA, NA MJUKUU WANGU KUFUNDISHWA KWA PICHA

Mwanangu Mheshimiwa,

Salamu nakupa nusu. Nusu iliyobaki nimeiweka kabatini, utaipata ukishajibu.

Mimi ni Bana Chomba, yule yule kungwi aliyemfunda mkeo kabla hujamwoa, na ambaye sasa ninamfunda binti yenu Mapalo, anayeolewa baada ya mavuno. Shule sikuingia hata kwa kuchungulia dirishani. Maneno haya ni yangu, mkono ni wa mjukuu wangu Kasuba, mwanafunzi wako. Nimemkataza kunitengenezea lugha. Nikisema "upuuzi" aandike "upuuzi". Aliponisomea ukurasa wa kwanza nikasikia "changamoto", nikamfutisha, akaanza upya. Kwa hiyo ukikuta neno limekuchoma, jua ni langu, na limekusudiwa.

Jambo lenyewe ni hili. Kasuba anasomea ufundi wa mitandao, yaani kuzifanya kompyuta zisemezane, na baada ya Pasaka atafanya mtihani wa cheti ambacho naambiwa kinakubalika hadi ng'ambo. Njia za kujifunzia ni mbili. Ya kwanza ni vyuma: masanduku halisi yanayoitwa ruta na swichi, mazito, yenye vumbi, yaliyokuwa yakikaa chumba cha nyuma pale chuoni. Ya pili ni kiigizo: programu ndani ya laptopu inayochora masanduku hayo hayo, na mwanafunzi anayabofya kwa kidole kama anayecheza karata. Mwaka huu umekifunga kile chumba, umetia kufuli, umebandika tangazo kwamba vyuma vitauzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na kwamba "mwanafunzi yu huru kuchagua": atumie kiigizo, au ajinunulie vyuma vyake mwenyewe. Uhuru huo hata kuku wangu anao. Yuko huru kuchagua awe kitoweo cha mchana au cha jioni.

Malalamiko yangu nayapanga kama ifuatavyo, na naomba usiyaruke.

1. Kwanza, katika kiigizo chenu umeme haukatiki.

Kasuba alipata nafasi ya mafunzo kazini kwenye zahanati ya kanisa iliyo karibu na soko. Akapewa kazi ya kuunganisha chumba cha kuandikisha wagonjwa na chumba cha dawa, ili mgonjwa mwenye homa asizunguke na karatasi mkononi akitafuta mlango. Akaunganisha. Kadi ikaandikwa huku, ikaonekana kule. Wauguzi wakapiga vigelegele, Metroni Jere, mkuu wao, akaagiza soda. Soda haijaisha povu, umeme ukakatwa, maana ilikuwa zamu ya mtaa ule. Uliporudi, ruta ikaamka kama mtoto aliyezaliwa leo: haimjui mama, haimjui baba, haijui chumba cha dawa kiko upande gani. Foleni ikafika barabarani. Kasuba akasimama pale amekumbatia laptopu kama mtu aliyefiwa.

Kumbe kuna amri ya kuiambia ruta ikumbuke ulichoifundisha. Usipoitoa, inayashika mambo juu juu tu, na umeme ukienda, yanakwenda nao. Mwalimu aliitaja amri hiyo, Kasuba akaiandika, lakini kwenye kiigizo alikuwa akihifadhi mchoro mzima ndani ya laptopu, kesho akifungua anakuta kila kitu mahali pake, basi ile amri akaisahau kama jina la mjomba asiyeleta zawadi. Nikamuuliza, "Mwanangu, kwenye hicho kiigizo chenu umeme haukatiki?" Akasema, "Haukatiki, Bibi." Nikasema, "Ni nchi gani hiyo? Tufungashe, tuhamie."

Sasa Metroni Jere ni Mngoni, mimi Mbemba, na utani wetu unaujua: sisi kwao ni walaji wa nyani, wao kwetu ni walaji wa panya. Akanifuata sokoni mpaka penye mafungu ya dagaa, mbele za watu, akapaza sauti: "Bana Chomba! Nyie wala nyani mnajua kuunganisha umbea tu, mashine tuachieni wenyewe." Nikamjibu kwamba mla panya hana jino la kunichekea. Watu wakaangua kicheko, lakini moyoni nilijua kanipata. Msiba wowote utakaotokea Kitwe hii, nitaambiwa neno hilo nikiwa nimeketi mkekani. Alipokwisha kutania akashusha sauti, akanishika kiwiko, akasema la kweli. Kasuba amepewa siku moja nyingine, wiki inayofuata mtihani. Ataunganisha tena, umeme utakatwa makusudi. Ruta ikikumbuka, kazi ni yake, ya kudumu. Isipokumbuka, kuna kijana mwingine amekwisha kuleta barua yake. Hiyo ndiyo kazi, Bwana Simfukwe. Nyumba yetu haina nyingine inayonukia hata kwa mbali.

2. Pili, kiigizo chenu ni bubu. Ruta halisi ikiwashwa huunguruma kama mashine ya kusaga mahindi. Siku ya kwanza pale zahanati Kasuba alibonyeza kitufe, akasikia ule mngurumo, akatoka mbio hadi kwenye foleni ya kupima watoto akipiga kelele, "Inalipuka! Inalipuka!" Akina mama wakawanyakua watoto kwenye mizani, uchi vilevile, wakakimbilia kwa muuza vitumbua. Na huyo ni msichana wa Kitwe, aliyelala utoto wake wote juu ya baruti za mgodi asigeuke hata ubavu.

3. Tatu, waya. Waya halisi una nyuzi nane ndani, kila mmoja na rangi yake, nao huingizwa kwenye kichwa chake kwa mpangilio. Ukikosea mmoja, umekosa wote. Tena una kiulimi kinacholia "tak" kikiingia vizuri, na kisipolia unaweza kukaa kutwa nzima unailaumu serikali. Kwenye kiigizo kuna alama ya radi. Unaigusa, waya unajichagua wenyewe na kujichomeka wenyewe. Radi! Kwetu radi ikiingia nyumbani tunauliza nani kaituma. Ninyi mnaiita elimu.

Na waya huo ni shaba, mwanangu. Marehemu mume wangu aliitoa shaba hiyo ardhini, hapa hapa, akawa anarudi na kikohozi, na kikohozi chake hakikuwa cha kuigiza. Ndicho tulichomzika nacho. Leo mjukuu wake anafundishwa shaba kwa mstari mweusi uliochorwa. Naomba unieleze hilo polepole, maana mimi sikusoma.

4. Nne, kwenye kiigizo hakuna mende. Chuma halisi kina joto, na kila kiumbe cha Mungu kinapenda joto. Kasuba alipofungua kabati la mitambo pale zahanati akakuta panya amezalia nyuma ya swichi. Nilimtumia Metroni Jere salamu kwamba chakula cha Wangoni kimefika, kiko kabatini. Lakini nje ya utani nauliza: katika ile picha yenu nzuri, isiyo na hata vumbi, mwanafunzi atajuaje kwamba kabla ya amri zote kuna amri ya ufagio?

5. Tano, mmenitumia mtoto. Mwalimu Ngosa, yule kijana wa viatu vyenye ncha, alikuja hapa kunituliza. Nikampa mtungi wa munkoyo, togwa yetu ya mahindi. "Bibi," akasema, "dunia nzima imehamia huko. Hata marubani wanajifunzia kwenye viigizo." Nikamuuliza, "Akishamaliza kuigiza, rubani hupewa ndege, au hupewa picha nyingine?" Akanywa. Akasema, "Halafu vile vyuma ni vya kizamani mno, Bibi." Nikamwambia, "Hata mimi ni wa kizamani. Mbona hujaniweka kwenye mizani ya chuma chakavu?" Akanywa tena. Akasema kwenye kiigizo mwanafunzi huweza kuunganisha ruta mia bila kuinuka kitini. Nikasema hata walevi wa kilabuni kwa Bana Mumba wana wake mia bila kuinuka kitini. Mtungi ulipokwisha akaaga. Munkoyo aliokunywa ulikuwa wa kweli, na mtungi alioniachia mtupu ulikuwa wa kweli pia.

6. Sita, mnasema vyuma vikuukuu havifundishi kitu. Uongo.

Baada ya mkasa wa zahanati, Chola, mwenzake Kasuba darasani, alijinunulia ruta moja ya mtumba, iliyokuja nchini pamoja na feni na pasi za watu. Kuiwasha tu, ikawakaribisha kwenye hoteli fulani ya ng'ambo, halafu ikadai neno la siri. Haikujua kama imeuzwa. Ilikuwa kama mjane aliyeolewa upya, kila kukicha anamwita mume mpya kwa jina la marehemu. Wale watoto wakakaa nayo sebuleni kwangu tangu Ijumaa. Zima, washa, bonyeza, umechelewa, zima tena. Mkaa ukafa jikoni, nshima, ugali wetu, ikaganda, chibwabwa cha majani ya maboga kikapoa, hakuna aliyegeuza shingo. Jumapili, watu wanatoka kanisani, ikamsahau yule wa kwanza. Chola alipiga magoti akaibusu. Kasuba alicheka kicheko ambacho sijamsikia akikicheka mbele ya laptopu hata siku moja.

Chola sasa ameajiriwa Solwezi, na ruta yake kaondoka nayo, kaifunga ndani ya sweta kama mtoto mchanga. Darasa zima, aliyekuwa na chuma chake ni huyo, na aliyeondoka ni huyo. Waliobaki wanabofya radi.

7. Saba, na hili lisikilize vizuri kwa kuwa linaingia ndani ya nyumba yako.

Kwa kuwa chuo chako kimethibitisha kwamba mtu huweza kuhitimu bila kugusa, nimeamua kumfunda Mapalo kwa njia hiyo ya kisasa. Siku ya kuwapelekea wakwe chakula cha kwetu, hatutachinja. Kasuba atachora kuku, wazuri kuliko wa kweli, na mboga za karanga atazitia rangi ya kijani kibichi. Bwana harusi akiuliza firigisi yake iko wapi, ataambiwa abofye. Mapalo mwenyewe hatasonga nshima; ataiburuta kwa kidole toka sufuriani hadi kwenye sahani, na isipoiva atabonyeza kitufe cha kurudi nyuma. Wajomba wa upande wa mume wakilalamika njaa, tutawaambia wako huru kuchagua.

Ndoa yenyewe tutaifungia kwenye laptopu. Mapalo ataigusa alama ya radi, na mume atajichagua mwenyewe na kujichomeka mwenyewe. Wakishapendeza tutahifadhi mchoro, twende zetu kulala. Usiku umeme utakatwa kwa zamu, kwa kuwa Chimwemwe si ile nchi nyingine, na asubuhi wataamka hawajuani. Bibi harusi atauliza, "We nani?" na bwana harusi ataomba neno la siri. Hapo mtapiga hodi kwangu mnalia, "Kungwi, njoo utusuluhishie." Nitawatumia picha yangu.

Baada ya kueleza hayo kwa adabu, ninachodai si kikubwa. Fungua chumba kile mpaka siku ya mtihani, Kasuba na wenzake washike, wachomeke, wakosee, wachubuke vidole. Kama chumba unakihitaji kwa ajili ya makochi ya ofisi, niletee vyuma hapa nyumbani. Nitavilaza kwenye banda la kuku, paa lake halivuji. Kuku watahamia sebuleni, nimekwisha kuzungumza nao. Na siku ya zahanati uje mwenyewe, usimtume Ngosa. Usimame penye boksi la umeme, uuzime kwa mkono wako, mbele ya Metroni Jere na foleni yote. Ruta ikiamka inamjua kila mtu, nitakupigia vigelegele mpaka mgodini wasikie. Ikiamka mtoto mchanga, wewe ndiye utakayewaeleza wale wagonjwa, na uwaeleze kwa Kibemba, si kwa tangazo.

Nisipopata jibu kabla ya Jumapili nitakuja kanisani kwenu, niketi kiti cha nyuma yako, niimbe. Mkeo atakueleza ninavyoimba.

Msalimie sana mkeo, mwambie aache kumwonea huruma binti. Yeye nilipomfunda hakuna aliyemwonea, na leo tazama anavyokuendesha. Msalimie Mapalo, mwambie ale, bibi harusi mwembamba huangushwa na gauni. Msalimie mlinzi mwenye ufunguo wa kile chumba, kikohozi chake achemshe majani ya mpera. Msalimie hata Ngosa. Mtungi umejaa tena.

Ni mimi, kwa heshima iliyosalia,

Bana Chomba
(kidole gumba changu, wino wa Kasuba)

Nyongeza. Barua ilikuwa imekwisha. Kasuba ameweka kalamu chini, na Kasuba akiweka kalamu chini kuna jambo. Nikamwambia, "Tapika." Akasema, "Bibi, hata kwenye kiigizo ruta ina kitufe cha kuzimia. Kipo ubavuni. Ni mimi tu sikuwahi kukigusa."

Nikamwambia akiguse sasa hivi. Akazima, akawasha, na ile ruta ya picha ikaamka haimjui mtu, vilevile kama ya zahanati. Akatoa ile amri ya kukumbuka, akazima, akawasha. Ikakumbuka. Nikamwambia rudia, huenda imebahatisha. Tumezima na kuwasha mpaka laptopu imekwisha chaji, na sasa mkono wake unaitoa ile amri wenyewe kabla hajafikiri, kama mtu anayefunga mlango akitoka. Kwa hiyo namba moja hapo juu isome kama haikuandikwa.

Nikamfokea kwa nini hakusema mapema, nikiwa bado kwenye hiyo namba moja. Akanionyesha kwa kidevu ungo ulio nyuma yangu, nilikoanika mambo ya kumfundia Mapalo: chungu cha udongo, nyoka wa udongo, nyumba isiyo na mlango, mama mkwe wa udongo, na mume wa udongo ambaye sikumtia mdomo. "Na hivyo, Bibi, ni nini?" Nikasema ni mafunzo. Akasema, "Mbona chungu hakipiki?" Nikamwambia ashike adabu yake. Lakini mwanangu Simfukwe, tangu nianze ukungwi sijapata kumwingiza mume halisi chumbani ili mwali ajifunzie juu yake. Huanza na wa udongo. Akimvunja, nafinyanga mwingine, tunacheka, tunaendelea. Mkeo alivunja wengi kabla hajakabidhiwa wewe.

Basi kiigizo kibaki. Ufunguo wa chumba nautaka palepale; zilizobadilika ni sababu tu, na nikikaa na munkoyo nitapata nyingine.

Na kwa kuwa vijana wako wanajua kuweka watu na vitu ndani ya laptopu, naomba wanitengenezee mama mkwe, nimtumie kwa Mapalo kabla ya harusi. Awe anajibu. Huyu wangu wa udongo mwali humjibu jeuri asubuhi hadi jioni, naye kanyamaza tu, na mama mkwe wa namna hiyo Kitwe nzima hayupo.